Mzani wa da Rehema umegoma

Da Rehema: Shikamooni wakubwa. Jamani mwenzenu leo wiki ya tatu sijagusa tunda, sili ndizi sili embe wala tikiti, na mzani uko palepale kama umepigiliwa misumari. Nimechoka

Idi: kwani matunda yamekukosea nini

Da Rehema: si yana sukari. Jimu niliambiwa sukari ya tunda inaenda moja kwa moja kwenye ini inageuka mafuta, ndo kitambi hiki

Shangazi: Marahaba mwanangu. Mi nilijua tu, embe linanenepesha, msimu wake ukifika nguo zote hunibana

Idi: shangazi msimu huo unakula mangapi kwa siku

Shangazi: Usinihesabie.

Neema: Shikamooni, ndo nafungua simu sasa hivi. Da Rehema hiyo ya ini ni kweli nusu. Fruktosi, yaani hiyo sukari ya tunda, kweli sehemu kubwa inashughulikiwa na ini na mtu akiizidisha kila siku ini linatengeneza mafuta, ila huko kuzidisha watu wanakupata kwenye soda na vitu vilivyotiwa sukari, siyo kwenye tofaa moja unalotafuna mpaka taya zinachoka. Tofaa la kawaida lina kalori kama 95, ndizi 105 hivi, tikiti ndo kabisa gramu 100 ni kalori 30 tu maana lote maji. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700, sasa niambie ni ndizi ngapi zimekuzuia

Idi: 73

Neema: haya mwanahesabu 😂

Baba Mdogo: Tunda lisiliwe usiku, linalala tumboni. Na ukilila juu ya chakula linaoza humohumo.

Neema: Ba'mdogo halioezi, samahani HALIOZI, tumboni kuna asidi kali hakuna kitu kinakaa kuoza mle. Na kalori za tunda ni zilezile usiku na mchana. Shida ya usiku ni kwamba umeshashiba halafu unaongeza, hiyo ziada ingekuwa ziada hata saa nne asubuhi. Ila kama likikusumbua tumbo usiku basi usile, hilo jambo lingine

Baba Mdogo: Basi nitaendelea kutokula.

Neema: sawa ba'mdogo. Da Rehema hebu taja ulichokula jana, chote, usifiche

Da Rehema: Sina cha kuficha mimi. Asubuhi yai na juisi yangu. Mchana sahani ndogo. Jioni karanga kiganja kimoja na biskuti tatu nne maana tangu niache matunda hamu ya kitu kitamu inaniua. Usiku kuku na saladi na parachichi

Neema: juisi ya nini

Da Rehema: Ya asili kabisa nasaga mwenyewe, sukari sitii hata chembe. Machungwa manne, embe moja, ndizi ya kuleta uzito, na tende tano za utamu, halafu nachuja iwe laini

Idi: DADA

Idi: si umesema umeacha matunda

Da Rehema: hiyo ni juisi jamani

Shangazi: 😂😂😂 Rehema mwanangu

Neema: Da Rehema usinichukie. Machungwa manne peke yake ni kalori 250 hivi, weka embe, weka ndizi, na tende zile kubwa moja tu ina 60 na kitu, hapo hata ukitoa kinachobaki kwenye chujio umekunywa chakula cha mchana kabla ya chakula cha mchana. Na kwenye chujio ndo umetupa nyuzinyuzi, yaani kile kitu cha kukushibisha. Machungwa manne ungeyamenya ukayala, la pili tu ungesema basi. Shirika la Afya Duniani lenyewe sukari ya kwenye juisi linaihesabu pamoja na ile ya kutia kwa kijiko, hata kama hujatia kitu, lakini ya tunda zima haliiingizi kwenye hesabu hiyo

Da Rehema: Yaani wiki tatu najinyima ndizi halafu nainywa

Neema: na biskuti zimekuja kuziba nafasi ya hiyo ndizi. Parachichi ulikula kiasi gani?

Da Rehema: zima. Si zuri kwa moyo?

Neema: zuri sana, ila gramu 100 ni kalori 160, nusu inatosha

Mama Mkubwa: Na sisi wenye kisukari tunaruhusiwa?

Neema: Shikamoo mama mkubwa. Ndiyo, tunda zima, dogo, siyo juisi, usile mengi kwa mpigo, na upime uone lipi linakupandisha maana watu hatufanani. Kiasi chako kubaliana na daktari wako, usinisikilize mimi wa kwenye simu

Idi: basi mi nile tikiti tupu wiki nzima nikate kitambi

Neema: Utapungua ndiyo, ila utakayemkuta kwenye kioo ni Idi asiye na misuli, tikiti halina protini ya maana. Kula mayai yako, maharage, samaki, halafu tunda liwe badala ya biskuti, siyo badala ya chakula. Matunda na mboga ukifikisha gramu 400 kwa siku umefika kiwango wanachoshauri haohao Shirika la Afya Duniani, wengi wetu humu hatufiki

Shangazi: Zabibu kavu je? Mi natafuna tu nikiangalia tivii

Neema: shangazi hizo ni zabibu zilizotolewa maji, gramu 100 kalori kama 300, mbichi ni 70 tu. Zihesabu

Shangazi: Nimesema msinihesabie.

Da Rehema: Blenda nimeirudisha kabatini. Na nimekula ndizi nimesimama hapohapo jikoni, jamani nilikuwa nimeimisi

Idi: bado 72