Mgonjwa asiyejua Kiswahili akija na jamaa zake, ridhaa ni ya nani?

Afisa wa Kliniki, Eastlands

Wenzangu katika taaluma, nawasalimu. Ninahudumu katika kituo cha afya mashariki mwa Nairobi, ambako asubuhi moja inaweza kutuletea mama anayezungumza Kisomali pekee, mzee wa Kioromo, familia ya Wakongo ambayo Kiswahili chake kinatofautiana sana na chetu, na bibi aliyetoka Turkana kuja kutibiwa karibu na wajukuu zake. Karibu kila mara mgonjwa wa namna hii huandamana na jamaa anayemsemea. Nikimuuliza mama maumivu yalianza lini, shemeji yake hujibu kabla swali halijamfikia mwenyewe. Nikieleza hatari za upasuaji, mama mkwe husikiliza, hutafakari, kisha huniambia, "Tumekubali," ilhali mgonjwa hajatamka neno.

Ninaamini kwa dhati kwamba mhudumu wa afya anapaswa kuheshimu mila za anayemhudumia, na ninajua kuwa katika jamii nyingi za Kenya, yangu ikiwemo, jambo zito haliamuliwi na mtu mmoja. Hata hivyo, fomu inapotiwa sahihi katika hali hiyo siwezi kusema kwa uhakika ni nani aliyeridhia. Ningependa kujua sheria inasema nini, na pia jinsi mnavyofanya kwa vitendo, foleni ikiwa imefika nje ya mlango, bila kuwavunjia wazee heshima.

Mwanasheria wa masuala ya afya

Sheria iko wazi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inasema "kila mtu", si kila raia, kwa hiyo mkimbizi anayeishi Eastleigh amo ndani yake. Sheria ya Afya ya 2017 imeteremsha haki hiyo hadi kwenye chumba chako cha matibabu. Kifungu cha 8 kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, manufaa, hatari na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa, na maelezo hayo yatolewe katika lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Kwa hiyo, mama mkwe akielewa na mgonjwa asielewe, wajibu huo bado haujatimizwa.

Kifungu cha 9 ndicho kinachohusu ridhaa. Mwanamke mtu mzima mwenye uwezo wa kuamua huridhia mwenyewe, na sahihi ya mumewe haiwezi kuchukua nafasi ya yake, hata kama desturi ya wodi imezoea vingine. Mtu mwingine anaweza kuridhia pale ambapo mgonjwa hawezi kufanya hivyo na mtu huyo ana idhini ya maandishi ya mgonjwa, au amepewa mamlaka na sheria au mahakama. Pia kuna hali ambapo kuchelewa kunaweza kusababisha kifo au madhara yasiyorekebishika. Hapo hutakiwi kungoja mkutano wa ukoo, mradi mgonjwa hajakataa.

Usisahau suala la siri. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inalinda matokeo ya kipimo cha virusi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Ukimtumia jirani aliyekuwa kwenye foleni kutafsiri matokeo hayo, umekwisha kuyafichua. Nao wagonjwa viziwi wasisahaulike katika mjadala huu: Katiba inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya katika Ibara ya 7, lakini mara nyingi kiziwi huletwa na mtoto wake na mazungumzo yote hupitia kwa mtoto huyo.

Muuguzi mkunga, miaka mingi wodini

Namshukuru Wakili, ila naomba tusiikimbilie sheria kiasi cha kuisahau familia. Mama anapojifungua kwa upasuaji, ni mama mkwe atakayembebea maji kwa wiki kadhaa, ni shemeji atakayetafuta gari usiku kidonda kikiharibika, na ni ukoo utakaochangia gharama ambazo bima haikulipa. Nimewaona vijana wetu wakirudi kutoka semina na kuwafukuza jamaa chumbani kwa jina la haki za mgonjwa. Mama huyo hubaki peke yake mbele ya watu asiowajua, akiwa na hofu zaidi, na akikubali jambo hulikubali kwa kutishika. Hiyo nayo si ridhaa.

Ninachofanya ni kutenganisha kazi tatu ambazo tumezoea kumtwika jamaa mmoja. Kuandamana na mgonjwa ni haki yao na ni msaada kwetu. Kutafsiri ni kazi ya mtu mwingine. Kuamua ni kwa mgonjwa, ambaye anaweza kushauriana na wote anaowataka. Kwa hiyo nikimpokea mama, huwasalimu wazee kwanza kama inavyostahili, nawaambia tutazungumza nao, kisha nawaeleza kwamba utaratibu wetu humpima kila mama akiwa peke yake kwa muda mfupi. Ni kweli, kwa sababu uchunguzi wa mkunga unahitaji faragha, na kwa kuwa ni kwa kila mama, hakuna familia inayohisi kuwa imeshukiwa. Katika dakika hizo ndipo ninapouliza kama kuna anayempiga nyumbani, kama mimba aliitaka, na kama angependa niongee na mumewe au la. Maswali hayo hayawezi kupita katika kinywa cha shemeji.

Wengine husema, "Mimi naamua anavyoamua mama mkwe." Jibu hilo nalikubali, kwa sababu ni uamuzi wake na amenipa mwenyewe. Nikishalisikia, namwita mama mkwe kwa furaha.

Mkalimani wa kujitolea, Eastleigh

Nashukuru kwamba Sista ametaja kutafsiri kuwa kazi yenyewe, kwa sababu mara nyingi sisi tunaozungumza Kisomali na Kioromo huitwa kutoka korido kana kwamba kujua lugha kunatosha. Jamaa anayetafsiri hana nia mbaya, lakini ana la kulinda. Mwana atapunguza makali ya habari za saratani ili baba asikate tamaa, na mume ataacha kutafsiri swali la uzazi wa mpango kwa kuwa anaona limekwisha kujibiwa. Mtoto ndiye wa mwisho kabisa kufaa. Msichana wa miaka kumi hapaswi kumweleza mama yake kwamba kijusi hakina mapigo ya moyo, na nimekuta akiombwa kufanya hivyo.

Daktari, kwa kituo chenye foleni nakushauri mtengeneze orodha ya wafanyakazi wenu wenyewe, kuanzia wauguzi hadi wasafishaji na walinzi, wanaozungumza lugha mbalimbali, muwafunze kutunza siri, na muwahesabie muda wa kutafsiri kuwa sehemu ya zamu. Wahudumu wa afya wa kijamii wanaozunguka mitaani hutusaidia sana, ila mwulizeni mgonjwa kwanza, maana pengine mhudumu huyo ni jirani yake. Asipopatikana mtu, simu iliyowekwa kipaza sauti inatosha, na jina la mgonjwa halina haja ya kutajwa. Mkalimani akifika, mketishe kando ya mgonjwa, mtazame mgonjwa unapozungumza, tumia sentensi fupi, na mwishoni usiulize kama ameelewa, kwa kuwa kila mtu hujibu ndiyo. Mwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakachofanyiwa. Hapo ndipo utakapojua kama ujumbe umefika.

Afisa wa Kliniki, Eastlands

Nawashukuru nyote. Orodha ya lugha za wafanyakazi nitaipendekeza kwa msimamizi wetu wiki hii. Limebaki jambo moja ambalo Sista analifahamu zaidi. Je, mama aliyekeketwa na kushonwa akijifungua, na familia ikaomba ashonwe tena kama alivyokuwa, naye mwenyewe akaridhia mbele ya mkalimani huru, bado tunasema uamuzi ni wake?

Muuguzi mkunga, miaka mingi wodini

Hapana, Daktari, na ni vizuri umeuliza. Ridhaa humruhusu mtu kuchagua kati ya matibabu yanayokubalika. Haimlazimishi mhudumu kutenda kosa. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ya 2011 inasema kuridhia kwa aliyetendewa si utetezi, na Shirika la Afya Duniani huhesabu kurudishia mshono huo kuwa ukeketaji uliofanywa na mhudumu wa afya. Unachoruhusiwa, na unachopaswa kufanya, ni kufungua kovu kwa wakati ili mama na mtoto wasidhurike, na kushona jeraha la uzazi ili damu ikome na kidonda kipone.

Lakini mazungumzo hayo yasifanyike mama akiwa katika uchungu. Yaanzeni kliniki ya wajawazito, mapema, na mama mwenyewe kwanza, kisha na mumewe akikubali. Mwelezeni kwamba mkojo na hedhi vitatoka kwa namna tofauti baada ya kufunguliwa, kwa sababu asiyeambiwa hushtuka na kudhani ameharibiwa. Kitaifa, wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa wamepungua kutoka asilimia 38 mwaka 1998 hadi asilimia 15 mwaka 2022, lakini wastani huo hausemi lolote kuhusu mama aliye mbele yako, anayetoka katika jamii ambako karibu kila mwanamke mzima amepitia hayo. Msimwonyeshe mshangao, wala msiwaite wanafunzi waje kutazama. Andikeni katika kadi yake ya kliniki mlichokubaliana, pamoja na lugha anayoitumia na jina la mkalimani aliyemchagua, ili atakayempokea usiku asianze upya na jamaa mlangoni.