Vipande vya kondo la nyuma: MTT inasema viko hai, hCG imeporomoka. Niamini ipi?

Dada_Katuba (Lubumbashi)
Yambo ndugu zangu. Niko mwaka wa mwisho wa masomo ya labo, na kazi yangu ya kumalizia ni kobalti na kondo la nyuma. Kwa nini kobalti, mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa: mama wengi wanaojifungua hapa wana mume au kaka kwenye machimbo.

Nachukua kondo la mimba iliyotimia, nakata vili (vile vidole vidogo vya kondo) kama punje ya mchele, naviosha kwa maji ya chumvi, naviweka kwenye maji ya lishe, digrii 37, hewa yenye kaboni dayoksaidi 5%. Kobalti sijatia hata tone. Nataka kwanza nijue kipande chenyewe kinaishi.

Siku ya 2 nilitia MTT, dawa inayogeuka zambarau kwenye seli hai, vikageuka zambarau iliyokolea hadi nikamwita mwenzangu aje aone. Jioni hiyohiyo napima hCG, homoni ya mimba, kwenye maji, imeshuka kabisa kuliko siku ya 1. LDH nayo, kimeng'enya kinachovuja seli zikipasuka, siku ya 1 ilikuwa juu mno. Umeme ulikatika mara moja, kama dakika 40. Mama aliyenipa kondo lake alitia kidole kwenye karatasi kabla uchungu haujamshika, na sitaki kumwandikia uongo. Viko hai ama vimekufa?

FundiLabo_Bukavu
Dada, usivitupe. Zambarau hiyo ni kweli, ila inajibu swali jingine. MTT hugeuzwa rangi na seli hai za aina nyingi, na ndani ya vili kuna seli za katikati, mishipa, na makrofaji za Hofbauer (seli za ulinzi). Hizo zinaweza kuwa hai huku ngozi ya nje, sinsishiotrofoblasti, imebanduka. Na ngozi hiyo ndiyo iliyokuwa inaguswa na damu ya mama, ndiyo inayotoa hCG. Kobalti ya mama ingekutana nayo kwanza.

Kwa hiyo kushuka siku ya 2 siyo kifo. Ngozi ya zamani huchakaa siku ya kwanza na ya pili, kisha seli za chini yake, saitotrofoblasti, huungana na kutengeneza mpya. Endelea kupima kila siku, ukibadilisha maji kila saa 24. hCG ikianza kupanda tena kuanzia siku ya 3 au ya 4, kipande chako kinafanya kazi. Ikibaki chini, hakuna kitu. Hata hivyo tia kipande kimoja kila siku kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi, ukitazame kwa hadubini. Macho yako yaone ngozi, isiwe namba tu.

LDH: maji ya siku ya 1 yalikuwa na rangi gani? Chembe nyekundu za damu zimejaa LDH. Zikipasuka, unapima damu ukidhani ni kondo. Na kila mara chemsha kipande kimoja, ukitie MTT pamoja na vingine. Kikigeuka zambarau nacho, kipimo chako kina kasoro.

Jambo la mwisho, nalo ni zito kwako: kloridi ya kobalti hutumika labo kuzidanganya seli kwamba oksijeni imeisha, kwa sababu inazuia HIF-1 alfa, protini ya seli inayojulisha oksijeni imepungua, isivunjwe. Vipande vikizama kwenye maji mengi vitakosa oksijeni kweli, na hutajua kipi ni cha kobalti. Weka maji kidogo, au vilaze juu ya wavu.

Mkunga_Ruashi
Mwanangu, andika saa kondo lilipotoka na saa ulipolikata. Lililokaa kwenye beseni mpaka zamu ibadilishwe usilichukue. Ukate sehemu 3 au 4 tofauti, mbali na ukingo, na pale penye weupe mgumu paruke; pale palishakufa tumboni.

Dada_Katuba
Aksanti sana kaka, aksanti mama. Maji ya siku ya 1 yalikuwa ya waridi, sasa naelewa. Kondo la Jumatatu nimeliosha mpaka maji yakawa meupe, mara 6. Kipande kilichochemshwa kimebaki cheupe, vingine zambarau. hCG: siku ya 2 chini, siku ya 3 chini, leo siku ya 4 imepanda karibu mara mbili ya jana. Vya formalini navikata kesho asubuhi, umeme ukiwepo.