Naomba ushauri: jazi bila kinanda wala gitaa

Wanamuziki wenzangu, hamjambo. Tuko wanne hapa Mombasa, wapigaji wa saksafoni, tarumbeta, besi na drams, na tangu mpiga kinanda wetu ahamie Nairobi tumeshika njia ya wanajazi wa Marekani Gerry Mulligan (saksafoni) na Chet Baker (tarumbeta) ya mwaka 1952, yaani jazi isiyo na piano. (Kinanda chenyewe sikukikosa sana, kwani kilijaza kila nafasi.) Shida ni kwamba tarumbeta yangu inapobuni peke yake, muziki hubaki mtupu, na juzi mazoezini nilipotea katikati ya wimbo. Tumejaribu kuweka noti ndefu za saksafoni chini yangu, lakini ni baritoni, yaani saksafoni ya sauti nzito, nayo huifunika besi. Je, besi ishikilie noti za msingi tu, au iendelee kutembea, yaani kupiga noti mpya kila pigo? Na saksafoni inyamaze wakati gani?