Naomba ushauri: kabati la vyombo la mninga nataka liwe meza ya kazi, bajeti yangu ndogo

BintiMnyamwezi:
Habari za majukumu wakuu. Tangu ofisi yetu ipunguze watu nafanyia kazi nyumbani, nashika hesabu za maduka kwa kompyuta mpakato. Nimepanga Tabata, chumba na sebule, na kwa sasa kazi zote nafanyia kitandani. Mgongo umeanza kugoma. Bajeti yangu ni 180,000, kiti kikiwemo.

Nina kabati la vyombo la zamani, mninga mtupu, la nyumbani kwetu. Juu lina vioo vya kusukuma, chini lina droo moja ndefu na milango miwili ya mbao. Hiyo sehemu ya chini nimeipima: kimo sentimita 88, upana 140, kina 45. Fundi anashauri sehemu ya juu tuivunje mbao zake zitoe rafu za ukutani, ya chini tuikate kwa chini ifike kimo cha meza, milango tutoe magoti yapite. Naomba kujua mawili tu. Likikatwa litatulia au litayumba? Na vanishi ya zamani inatoka kwa msasa peke yake au kuna dawa? Nawasilisha.

Kijana wa Tandika:
Dada, kabati la mninga la zamani unalikata? Lipeleke Keko ukaone watu watakavyokugombania. Hela utakayopata nunua meza ya MDF na kiti cha kuzunguka, chenji inabaki ya bando la mwezi mzima.

Mama Saumu:
Meza za MDF mnazisifia wakati hamzipigii deki. Ya kwangu ilipata maji miguuni, ndani ya wiki miguu imevimba, skrubu zinatoka zenyewe. Fundi akaniambia ile hairekebishiki, ni unga wa mbao uliogandishwa. Nikarudi kwenye meza ya kulia chakula ya marehemu mama mkwe, ndiyo natumia mpaka leo kushonea na kufanyia mahesabu ya kikoba. Halafu dada, anza na kiti! Mimi nilikaa kwenye stuli ya plastiki mwaka mzima nikaishia kupigwa picha ya mgongo hospitali. Hela ya picha ile ningenunua kiti na kikabaki.

Pwani Oyee:
Umenikumbusha samadari ya bibi yangu Unguja. Kitanda cha nguzo nne, kichwani pana vioo vilivyochorwa maua, mtoto unapanda kwa stuli. Bibi alipoondoka mjomba akasema ni kikuukuu kinajaza chumba. Akaja bwana mmoja wa vitu vya kale, akakilipia pale pale bila kupunguza bei hata kidogo. Miaka mitatu baadaye naenda kumsindikiza mgeni kwenye hoteli ya Mji Mkongwe, nakuta samadari imewekwa pale mapokezi, imefungwa uzi watu wasiikalie. Niliijua kwa kioo chake kimoja kilichopasuka pembeni, mimi ndiye niliyekipasua. Mjomba hatujamaliza naye mpaka leo.

Fundi Randa:
Nimeshika randa tangu 1998, naomba nijibu alichouliza.

Kwanza, makabati ya aina hiyo hayana miguu ya kukata. Mbao za ubavuni zinashuka mpaka sakafuni, na ule mhimili wa chini umeingizwa ndani ya ubavu kwa ulimi na tundu. Ukikata sentimita 14 ili ufike kimo cha meza, ulichokata ni maungio yenyewe. Litayumba, kisha mtaanza kulipigilia misumari na vipande vya pembeni, na mninga mkavu ukipigwa msumari bila kutobolewa kwanza unapasuka.

Pili, kina cha 45 hakitoshi kuweka kompyuta na mikono kwa pamoja. Hata likikatwa vizuri utafanya kazi viwiko vikining'inia.

Cha kufanya ni hiki. Sehemu ya juu kwa kawaida imekalishwa tu kwa vigingi au skrubu, inyanyue nzima, isimamishe pembeni iwe ya mafaili. Droo ichomoe, ihifadhi. Kwenye nafasi yake funga ubao wa kuvuta kwa reli za droo, uso wake uwe kwenye sentimita 72 hivi kutoka sakafuni. Kompyuta inakaa juu ya kabati, kibodi na kipanya vya nje vinakaa kwenye ubao. Kioo cha kompyuta kinapanda karibu na usawa wa macho na shingo inapumzika. Hakuna msumeno unaogusa kitu. Siku ukihama unarudisha droo, kabati linabaki kabati.

Vanishi usianze na msasa wowote kabla hujafungua milango ukaangalia ndani. Mafundi wa zamani walikuwa wanaandika, mimi huwa nakuta majina, vipimo, hata bei. Na nikuulize: kabati lipo wapi sasa hivi, na ni la nani?

BintiMnyamwezi:
Asante sana Fundi Randa, wewe ndiye umenijibu. Kabati lipo kwa fundi tangu Jumamosi, nimeshampa 70,000 ya kuanzia. Wazo la ubao ni zuri ila nimeshakubaliana naye na anasema mbao za juu ameshazipigia hesabu. Kabati ni la kwetu.

Wakili Kijiweni:
Mzee yupo?

BintiMnyamwezi:
Mzee alifariki 2017. Sioni hilo linahusiana vipi na kabati.

Wakili Kijiweni:
Linahusiana sana. Mirathi ilifunguliwa? Kuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama? Watu wanadhani mirathi ni nyumba na shamba tu. Msimamizi akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali zote na madeni ndani ya miezi minne, na vyombo vya ndani navyo ni mali. Nimeona ndugu wa tumbo moja wanapandishana kizimbani kwa cherehani. Mko wangapi kwenu?

BintiMnyamwezi:
Tuko watatu. Kaka, mimi na mdogo wangu wa kike. Mirathi haijafunguliwa kwa sababu mama yupo Tabora anaishi kwenye nyumba hiyo hiyo, hakuna anayegombania chochote.

Mama Saumu:
Ngoja kidogo mwanangu. Mama yupo hai, na kabati lilikuwa nyumbani kwake. Amejua kwamba linakatwa?

BintiMnyamwezi:
Mama alinipa mwenyewe, sikuiba. Alisema nije nalo Dar lipigwe vanishi kwa sababu mafundi wa huku anawaamini, kisha lirudi kabla ya sendofu ya mdogo wangu mwezi wa 12.

Ila naomba mnielewe kabla ya kunihukumu. Kule lilikuwa limewekewa ndoo za maji juu. Nauli ya lori nililipa mimi, vanishi nalipa mimi, matumizi ya mama ya kila mwezi natoa mimi. Kaka hajawahi kuuliza hata msumari. Kazi hii ndiyo inayowalisha wote, na nikivunjika mgongo hakuna wa kunipokea. Halafu lilishaanza kutoa unga, lina vitundu vidogo ubavuni na mgongo wote umeliwa. Likirudi Tabora likaachwa vile, baada ya muda hakuna kabati. Mimi naona naliokoa.

Mzee wa Busara Mbagala:
Hapo ndipo kizazi hiki kinapokwama. Mama kakupa kitu kwa nia moja, wewe umekitia nia nyingine. Kidogo kidogo utaambiwa nyumba nayo uliiokoa. Rudisha kabati la watu.

Kijana wa Tandika:
Sendofu mwezi wa 12, mama anasubiri kabati, linashuka kutoka kwenye lori limekuwa meza ya ofisi. Hapo Dodoma tu utashuka uanze kutembea kwa miguu.

Kalamu Nyekundu:
Wakuu, mnajichosha bure. Hii ni chai. Nimekulia Urambo, mninga naujua. Mninga hauliwi na wadudu, ndiyo maana bei yake iko pale ilipo. Huyu ameanza na "mninga mtupu", alipobanwa kuhusu mama kabati likaanza kutoa unga ili tumwonee huruma. Aidha si mninga, au hakuna kabati. Na picha hajaweka hata moja.

Mzee wa Busara Mbagala:
Hata mimi nilishangaa, mtu na akili zake anajua vipimo vyote lakini hajui kabati ni la nani.

Pwani Oyee:
Kumbe nimetoa siri za mjomba wangu kwenye uzi wa kutunga jamani!

Fundi Randa:
Kalamu Nyekundu, tuliza kwanza. Ukweli wako ni nusu. Kiini cha mninga, ile sehemu nyekundu ya kahawia, wadudu hawakiwezi. Lakini gogo la mninga lina pembe nyeupe nje, na hiyo pembe nyeupe bungua anaila kama kawaida. Fundi akibana mbao, anaacha utepe mweupe kwenye ukingo wa ubavu kisha anaufunika kwa rangi ya vanishi. Na mgongo wa kabati mara nyingi haukuwa mninga, wengi waliweka mbao nyepesi au plaiwudi kwa sababu unaangalia ukutani. Unga ubavuni na mgongo wote kuliwa ndivyo linavyokuwa kabati halisi la mninga lililokaa sana ukutani. Kwangu mimi, mtu anayetunga asingejua aweke vitundu sehemu hizo mbili.

Dada, tazama vitundu viko kwenye rangi gani.

BintiMnyamwezi:
Kalamu Nyekundu, nikitunga kabati napata nini? Picha sijaweka kwa sababu mdogo wangu yumo humu ndani na angelitambua mara moja. Sasa nadhani ameshalitambua, basi.

Fundi Randa, vitundu viko kwenye ukingo wa nyuma, kipande kama upana wa vidole viwili, cheupe. Umesema kama vile umeliona.

Na uliposema niangalie ndani ya milango, sikukujibu kwa sababu najua kilichopo. Mlango wa kulia kwa ndani mzee aliandika kwa penseli siku tulizozaliwa. Kwa kaka ameandika jina, Jumatano, Idi Pili, saa kumi na moja alfajiri. Kwangu ameandika "mvua kubwa, gari la wagonjwa halikufika, amezaliwa nyumbani". Mdogo wangu yuko chini kabisa, herufi zimelala kwa sababu mzee macho yalishaanza kusumbua. Pembeni kuna madeni ya mchele ya mwaka sijui gani. Mwandiko wake wote mwingine ulienda na vitabu vyake vilivyoliwa na mchwa. Nilishajiambia nitaipiga picha kwa simu na inatosha.

Mama Saumu:
Weka simu hii chini, mpigie fundi sasa hivi. Msasa ukipita juu ya penseli hakuna dawa.

Wakili Kijiweni:
Nami naunga mkono, mirathi tutaongea baadaye. Piga.

BintiMnyamwezi:
Nimempigia. Milango ameshaichomoa, msasa umepita upande wa nje tu, wa ndani alikuwa anaumalizia leo. Nimemwambia aifunge kwa khanga aiweke ndani. Kukata ilikuwa kesho asubuhi, nimesimamisha. Amekasirika kidogo, anasema ile 70,000 hairudi.

Nimempigia na mama. Nimemweleza yote, ubao wa kuvuta, unga, mpaka kiti. Amenyamaza, kisha akasema kabati nikae nalo nifanyie kazi, lakini nisilikate, na milango aipate kabla ya sendofu. Kuhusu mdogo wangu amesema nimwambie mwenyewe, yeye hasemi neno. Sijajua nitaanzia wapi.

Mzee wa Busara Mbagala:
Anzia na samahani, na umwambie kabla hajaambiwa na watu wa humu.

Fundi Randa:
Ile 70,000 mwambie fundi aimalize kwa kazi: akufungie reli na ubao, akubadilishie mgongo. Usikubali aondoke nayo bure wakati hajakata hata ubao mmoja. Ubao uwe plaiwudi ngumu ya milimita 18, upana wa nafasi ya droo, na reli ziwe zile za chuma za kubeba uzito, si zile nyembamba za droo za nguo. Kila kitu kifungwe kwa skrubu.

Mgongo uliokwisha liwa utolewe wote uchomwe, usiubandike juu yake mpya. Ule ukingo mweupe achome dawa ya wadudu wa mbao kwa bomba la sindano, tundu kwa tundu, arudie baada ya wiki mbili, kisha azibe kwa nta. Akikuletea oili chafu kataa, itanuka ndani na vanishi haitashika. Anapopiga msasa avae barakoa na wewe usikae karibu, unga wa mninga unabana kifua kwa watu wengine.

Milango ikienda Tabora wewe hupungukiwi kitu, magoti yanahitaji hiyo nafasi ikiwa wazi. Pande zake za ndani asipitishe chochote, hata vanishi isiyo na rangi, maana brashi itaivuta penseli. Afute vumbi kwa kitambaa kikavu upande wa nje tu, halafu mfunge kila mlango peke yake kwa boksi, uso wenye maandishi usigusane na kitu.

Kijana wa Tandika:
Fundi Randa, hizo reli za kubeba uzito zinapatikana Kariakoo mtaa gani? Nina meza ya cherehani ya mama yangu ipo uani inanyeshewa.