TUPEANE UZOEFU: Alama za hatari kwenye mapipa na madumu ya kazini

Fundi Baridi (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Niko kiwanda cha samaki, kitengo cha mitambo ya baridi, na wenzangu wamenichagua kuwa mwakilishi wao wa usalama. Tumepokea vijana wapya, wachapakazi kweli. Ila ukiwaonyesha ile alama ya pembe nne iliyosimama kwa ncha, yenye mpaka mwekundu na picha nyeusi ndani, wanajibu "ni hatari", basi. Hatari gani? Hapo wanakwama, na hapo ndipo unapoamuliwa kama unakimbia, unaosha au unazima moto.

Chukueni amonia yetu. Mtungi wake una picha nne. Fuvu na mifupa: sumu, ukiivuta inaweza kukuua. Mtungi: gesi imeshindiliwa, joto likizidi unaweza kupasuka. Mkono na chuma vinavyoliwa na matone: inaunguza ngozi na macho. Mti mkavu na samaki aliyekufa: ikiingia majini inaua viumbe, na mtaro wetu unaelekea ziwani. Bomba likivuja, fuvu linakutoa nje, na unatoka kwa kukata upepo pembeni, sio kukimbia upepo unakoelekea. Ile ya mkono inakupeleka bombani: macho yaoshwe dakika zisizopungua 15, hospitali baadaye.

Ninyi huko mnashika nini, na nani aliwafundisha kusoma lebo yake?

Dereva wa Geita

Mada muhimu sana mkuu. Sisi wa malori tunasoma bamba la rangi ya chungwa. Namba ya juu ni aina ya hatari, ya chini ni mzigo wenyewe. Petroli ni 33 juu na 1203 chini; dizeli ni 30 na 1202. Tarakimu ikirudiwa, hatari imezidi. Ukiona X mbele ya namba ya juu, usimwage maji hapo.

Nawasihi wanaokimbilia tenki lililoanguka wakiwa na madumu. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, tulipoteza watu zaidi ya 100. Ukiliona 33/1203 limelala barabarani, geuza, na umzuie jirani yako.

Mchenjuaji

Nipo kwenye mtambo wa elusheni, yaani pale dhahabu inapotolewa kwenye kaboni (makaa yanayoinasa); familia iko Buswelu. Kwetu sayanaidi na tindikali zipo eneo moja, kwa kuwa ya kwanza inatoa dhahabu kwenye marudio (mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara ya kwanza) na ya pili inasafishia kaboni. Pipa la sayanaidi lina fuvu, lina samaki aliyekufa, na kwenye maandishi kuna onyo kwamba isikutane na tindikali. Zikikutana inatoka gesi inayoua kwa muda mfupi mno. Msimamizi wangu wa kwanza, mzee mtaratibu sana, alinisimamisha mbele ya pipa akaniambia: picha inakueleza itakufanya nini, maandishi yanakueleza isikae na nani. Ndiyo maana tuna stoo mbili, funguo mbili, na mifereji isiyoungana. Chokaa inawekwa kwenye maji ya sayanaidi ili pH (kipimo cha utindikali, ikishuka tindikali imezidi) isishuke chini ya 10, na inapimwa, haikisiwi. Msitegemee harufu ya gesi hiyo. Inasemekana inanukia kama lozi chungu, lakini kuna watu hawaisikii kabisa.

Kinachoniumiza ni mapipa yakiisha. Nimemkuta kijana amelaza pipa, analimwagia maji ya moto na kukwangua lebo kwa kisu. Fuvu likatoka vipande vipande, ikabaki gundi tu, akaisugua kwa mchanga. Pale pale likawa pipa zuri la kukingia maji ya mvua, na mnunuzi alikuwa amesimama pembeni, mama mwenye genge, hela mkononi. Nikamweleza mama yule lilibeba nini. Nikalinunua mimi, nikalitoboa kwa sururu kila upande. Kijana alikasirika, tukakaa chini tukaongea. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Mama Usafi

Hotelini kwetu dawa ya choo ina ile picha ya mkono, na jiki nayo inayo. Mabinti wakawa wanazichanganya wakidhani zitang'arisha zaidi. Inatoka klorini. Mmoja alibebwa anakohoa, hawezi kuvuta pumzi. Siku hizi hazipandi kitoroli kimoja.

Fundi Boti, Igombe

Wa faibaglasi tujihadhari na hadina, kile kigandishio cha rezini (gundi ya faibaglasi). Kiwandani inatoka na lebo kamili: moto, mkono unaoliwa. Mtaani inauzwa imepimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, nayo haina rangi. Tone moja likiingia jichoni linaweza kulipofusha. Mimi sipokei chupa isiyo na lebo, hata bei ikiwa nusu. Na kobalti (kiharakisha ugandaji) usiichanganye moja kwa moja na hadina, inalipuka. Kobalti inatangulia kwenye rezini, hadina mwisho.

Mkulima wa Magu

Kwa dawa za pamba tazameni mstari wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ndiyo kali kuliko zote, kisha njano, bluu, halafu kijani. Kijani nayo ni sumu, vaa glavu.

Mama Kheri

Wabeja sana ndugu zangu. Mimi nina swali. Nina pipa la bluu nililonunua mwaloni, halina lebo wala harufu. Nikiliosha kwa sabuni na kulianika juani siku kadhaa, naweza kuweka maji ya kunywa?

Fundi Baridi

Hapana mama. Usiweke maji, usiweke nafaka, hata ng'ombe usimnyweshee humo. Plastiki inaweza kunyonya kemikali na kuitoa taratibu, na sabuni haiifikii. Muulize muuzaji lilibeba nini; akishindwa kukuonyesha lebo, ulichukulie kama pipa la sumu. Usilichome moto wala usiliuzie mwingine. Kwa sheria ya kemikali ya 2003, wenye dhamana ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na wana ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza. Waulize wakuelekeze pa kulipeleka, na uwatajie ulikolinunua, maana huenda yapo mengine.