Nina digrii ya ustawi wa jamii, nataka kuwa mtabibu wa ndoa na familia hapa Uganda. Nianzie wapi?

NyotaMbarara
Hamjambo wapendwa. Nina shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii na ninafanya kazi na wakimbizi wa Kongo katika makazi ya Nakivale. Kesi nyingi zinazotufikia ni za ndoa: mume kalewea pesa za mgao, wake wawili wanagombea kadi moja ya chakula, mama mkwe ndiye mwenye kauli ya mwisho. Nataka kusomea tiba ya ndoa na familia hasa, si ushauri nasaha wa jumla. Kurasa za Marekani zinataja leseni na saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi. Je, hapa kwetu ipo leseni ya namna hiyo? Nisome nini, na nifanye nini wakati huu ninapotafuta ada?

Mshauri_Mukono
Dada Nyota, zile saa 3,000 ni sharti la jimbo la California. Kule kila jimbo lina leseni yake. Uganda haina leseni yenye jina hilo. Wakenya walipitisha Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, lakini sisi bado tunaegemea vyama vya taaluma kama Uganda Counselling Association. Kwa hiyo mtu anaweza kuhudhuria semina ya siku mbili akabandika kibao cha "mshauri wa ndoa", na wateja hawana namna ya kumtofautisha na aliyesoma. Jambo hilo linaumiza familia, na ndiyo sababu nakusihi usikate kona.

Kwa digrii uliyonayo, omba shahada ya uzamili katika saikolojia ya ushauri. Makerere wanafundisha, na Uganda Christian University pale Mukono pia. Kwa kawaida ni miaka 2: masomo, vitendo, kisha tasnifu. Wengi hukwama kwenye tasnifu, hasa wanaochagua mada inayohitaji kuhoji wanandoa, kwa sababu kibali cha kamati ya maadili huchukua muda na mara nyingi mume akikubali kuhojiwa mke anakataa. Anza kuandika pendekezo lako mapema, na uchague watu unaoweza kuwafikia bila kuwabembeleza.

Kabla hujalipa shilingi yoyote, tazama orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE). Usitafute jina la chuo tu, tafuta kozi yenyewe na uone kama ithibati yake bado hai, maana ithibati ina mwisho. Halafu iulize idara: vitendo ni saa ngapi, msimamizi ni nani, na je, kuna somo zima la mifumo ya familia, yaani jinsi watu wa nyumba moja wanavyoathiriana? Wakikujibu kwamba "limo ndani ya masomo mengine", ujue utafundishwa kazi ya mtu mmoja mmoja, na ujuzi wa kukaa na wanandoa utautafuta kwingine.

Kwa sasa, tafuta msimamizi wa kitaaluma na uanzishe daftari la saa. Andika tarehe, dakika, aina ya kikao (mtu mmoja, wanandoa, familia) na saini ya msimamizi. Majina ya wateja yasiwemo. Saini ichukuliwe kila mwezi. Ukingoja miaka miwili, msimamizi atakuwa amehama na saa zako hazina shahidi.

Mlezi_Arua
Niongeze upande wa kazi yenyewe, kwa sababu mtu aliyezoea mteja mmoja akiingia kwa wanandoa huharibu kwa njia ileile kila mara: anamwonea huruma anayelia, na yule mwingine harudi wiki ijayo. Mteja wako ni uhusiano wenyewe, na wote wawili wanapaswa kuondoka wakijua wamesikilizwa.

Mpangilio unaofaa ni huu. Kikao cha kwanza wote wawili, dakika 75 hadi 90. Kisha kikao kimoja kimoja na kila mmoja peke yake. Hapo ndipo unapouliza waziwazi kuhusu kipigo, vitisho na kulazimishwa kitandani, kwa sababu hakuna atakayesema mbele ya anayempiga. Ukikuta ukatili unaoendelea na mmoja anamwogopa mwenzake, usiendelee na vikao vya pamoja. Yatakayosemwa chumbani atayalipia nyumbani. Panga usalama kwanza, na kila mmoja apate msaada wake.

Jifunze kuchora jenogramu, yaani mchoro wa familia na mahusiano yake, ya vizazi 3: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mistari miwili ya mshazari juu ya mstari wa ndoa kwa talaka, alama ya X kwa marehemu. Vitabu vingi vimeandikiwa nyumba ya mke mmoja. Huku kwetu mume aweza kuwa na mistari mitatu ya ndoa, na watoto wa marehemu kaka yake wanalelewa humo humo. Wachore wote. Halafu uliza nani hupatanisha wakigombana: ssenga (shangazi), mzee wa ukoo, mchungaji au shehe? Usipomweka mtu huyo kwenye mchoro, mtakubaliana jambo Jumanne na yeye atalibatilisha Jumapili.

Kwa Wakongo wa Nakivale, kama unahitaji mkalimani, asiwe jamaa na kamwe asiwe mtoto wao. Zungumza ukimtazama mteja, si mkalimani.

AfisaUstawi_Busia
Sheria pia, dada. Jua ndoa iliyo mbele yako ni ya aina gani. Ya kanisani au ya serikali ni ya mke mmoja. Ya kimila na ya Kiislamu huruhusu zaidi. Na kukaa pamoja, hata miaka ishirini, hakugeuki ndoa kisheria hapa Uganda. Jambo hili huwashtua akina mama wengi linapokuja suala la mali. Usitoe ushauri wa kisheria, lakini ujue lini umpeleke mtu kwa wakili.

Mara kwa mara utasikia: "Siwezi kuondoka, baba hana ng'ombe wa kurudisha." Mahakama ya Juu iliamua Agosti 2015, katika shauri la MIFUMI, shirika linalotetea haki za wanawake, kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Mahari yenyewe haikupigwa marufuku. Familia nyingi hazijui.

Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya 2010 inahesabu pia ukatili wa kiuchumi na wa kisaikolojia, na hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi. Mtoto akiwa hatarini, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, au nenda kitengo cha polisi cha watoto na familia. Usiri wako unaishia hapo, na uwaambie hivyo kwenye kikao cha kwanza, kabla hawajafungua mdomo. Faili zako zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo kabati lifungwe, na taarifa za wateja zisipite kwenye makundi ya WhatsApp ya kazini.

NyotaMbarara
Asanteni sana. Swali moja: mke akinipigia usiku akaniambia ana mwanamume mwingine, kisha akasema mume asijue, nifanyeje?

Mlezi_Arua
Jibu huandikwa kabla ya simu hiyo. Kwenye fomu ya ridhaa, wanayosaini wote wawili, weka kifungu: jambo linalogusa ndoa nikiambiwa faraghani, sitalibeba kama siri ya kudumu. Akikupigia, mkumbushe kifungu hicho kabla hajaendelea. Kama ameshasema, hutamfichulia mume wewe. Mpe muda wa kikao kimoja au viwili vya peke yake ajiandae kulisema mwenyewe. Akikataa, simamisha vikao vya pamoja bila kutaja sababu, na uwape wote majina ya washauri wengine. Isipokuwa kama kulisema kutamletea kipigo. Hapo rudi kwenye usalama kwanza, na umpigie msimamizi wako siku hiyohiyo.