Je, tutafsiri manga kwa Kiswahili kutoka kwenye tafsiri za mashabiki?

Swali

Ndugu wasomaji wa manga, salaam. Kwa miaka sita nimekuwa nikisoma manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, kwa Kiingereza katika tovuti zinazoweka tafsiri za mashabiki, yaani zile ambazo watu wasiolipwa huchukua kurasa za gazeti la Kijapani, hufuta maandishi yaliyomo ndani ya viputo vya maneno ya wahusika na kuandika yao. Mdogo wangu wa kike, aliye darasa la sita, huketi karibu nami nikimsomea kwa Kiswahili. Mwezi uliopita rafiki zangu wawili walipendekeza tuyaandike hayo ninayomsomea na kuyapandisha mtandaoni, ili watoto wengine nao wafaidi. Nimeshindwa kuamua. Je, tutakuwa tunawakosea wachoraji? Na je, tafsiri inayotokana na Kiingereza cha mashabiki inaweza kuwa nzuri?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, kwa upande wa sheria hakuna utata. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Japani imo tangu 1899, Kenya tangu 1993 na Tanzania tangu 1994, unasema katika kifungu cha 8 kwamba mwenye kazi peke yake ndiye mwenye haki ya kuitafsiri au kuruhusu itafsiriwe. Kutouza hakukuondolei wajibu wa kuomba ruhusa. Wachapishaji nao hawakulala: mwaka 2010 tovuti ya OneManga, iliyoweka tafsiri za mashabiki, iliondoa sura zake zote, na Mei 2025 tovuti nyingine ya aina hiyo, MangaDex, ililazimika kuondoa mfululizo wa kazi zaidi ya 700 kwa madai ya wenye haki.

Ninaelewa kwa nini wengi wetu tuliingia huko, kwa sababu zamani kitabu kimoja kilichoagizwa kutoka nje kilikuwa ghali na kilifika hadithi ikiwa imekwisha kusimuliwa kila mahali. Lakini tangu Januari 2019 ipo programu ya Manga Plus ya Shueisha, kampuni ya Kijapani ya uchapishaji, ambayo huku kwetu inafunguka, na ambayo hutoa bure sura za mwanzo na za karibuni kwa Kiingereza siku ileile zinapotoka Japani. Kiswahili hakimo, na hilo linaniuma kama linavyokuuma wewe.

Jibu la pili

Nijibu swali la ubora, kwa kuwa nimejifunza Kijapani kwa miaka kadhaa na jambo hili naliwaza kila siku. Kiingereza kikikaa katikati, hupoteza mambo ambayo Kiswahili kingeyapokea bila shida. Mjapani ana neno moja la kaka aliyemtangulia kuzaliwa, ani, na lingine la mdogo wake wa kiume, otouto. Mwingereza huandika neno moja kwa wote wawili, na wewe unayetafsiri kutoka kwake hutajua nani amwamkie nani. Mwanafunzi wa Kijapani humwita aliyemtangulia shuleni senpai, lakini mara nyingi Kiingereza huweka jina tupu, jambo ambalo mdogo wako, aliyelelewa kwa shikamoo, ataliona kuwa ni utovu wa adabu uliofanywa na mhusika, kumbe limefanywa na mfasiri.

Kuna na sauti. Wachoraji wa Kijapani huandika sauti ndani ya picha yenyewe, na hata ukimya wana neno lake, shiin, ambalo huchorwa chumba kinapotulia ghafla. Kiingereza hapo huhangaika na kuishia kuandika kwamba kuna ukimya. Sisi tunasema kimya jii! Mtu anatumbukia majini chubwi, analala fofofo, gunia linaanguka pu. Tanakali hizi tumezikuta kwa bibi zetu, na sioni lugha nyingi zilizojiandaa vizuri hivi kuipokea manga.

Shida moja ya kweli ni viputo. Kijapani huandikwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kiputo huwa kirefu na chembamba, na neno kama «hawatanisamehe» halikai humo ila kwa herufi ndogo mno au kwa kukatwa vipande. Mfasiri hulazimika kuiunda upya sentensi nzima, naye hawezi kufanya hivyo kwa uaminifu asipojua ya asili ilisema nini.

Jibu la tatu

Mimi ni mchoraji wa katuni hapa Dar es Salaam. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili, na nimeshaona kurasa zangu zikizunguka kwenye makundi ya simu zikiwa zimekatwa saini na kubandikwa maneno ambayo sikuyaandika. Aliyefanya hivyo aliniambia kwamba ananitangaza. Sikusinzia usiku ule. Kijana, sina shaka na nia yako, na kumsomea mdogo wako nyumbani ni jambo jema ambalo hakuna mchoraji atakayelichukia. Lakini kupandisha mtandaoni ni kuamua kwa niaba ya mtu ambaye hukumuuliza, na umbali wa kutoka hapa hadi Tokyo haumpunguzii haki yake.

Muulizaji

Shikamoo kaka mkubwa, na ahsanteni nyote. Nimewasomea wenzangu majibu haya na tumekubaliana kutopandisha. Mdogo wangu nitaendelea kumsomea kutoka kwenye ile programu, na jana usiku nilijaribu «kimya jii» mahali ambapo nilizoea kuruka; alicheka, akanitaka niirudie. Kaka, kama una kurasa ambazo ungependa zisomwe na watoto, tungefurahi kusaidia kupanga maandishi kwenye viputo, kwa masharti yako na kwa saini yako.

Jibu la tatu

Marahaba. Ninazo kumi na mbili ambazo bado hazina maneno. Viputo nimevichora vipana.